Je, Wajua? Neva Inayoifungia Damu Njia ya Mguu

Je, wajua, msomaji mpenzi, ya kuwa kando ya uti wa mgongo wako, kuumeni na kushotoni, tangu shingo hata kifandugu, umepita uzi mwembamba wenye mafundo, ambao hujapata kuuona wala kuuhisi, wala hujapata kuuamuru jambo ukakutii, na hata hivyo ndio unaokata shauri, usiku na mchana, ni damu kiasi gani ishuke katika nyayo zako? Uzi huo matabibu huuita mnyororo wa simpathetiki, nao ni sehemu ya neva, yaani mishipa ya fahamu, zitendazo kazi bila ya kungoja hiari ya mwenye mwili. Habari zake zastahili kusomwa popote penye miguu itembeayo, lakini zina haki ya pekee kusomwa Butembo na Beni, katika Kivu ya Kaskazini, kwa sababu mbili: ya kwanza, kwamba upasuaji wa kuukata uzi huu ni katika tiba chache za miguu iliyokosa damu ambazo hospitali isiyo na mitambo ya thamani kubwa yaweza kuzifikiria, na ya pili, kwamba swali lililouandama upasuaji huo kwa karibu miaka mia, yaani kama wafaa kweli au wasifiwa tu, ni swali la namna ambayo miji hii miwili imeuonyesha ulimwengu jinsi ya kulijibu.

Na tuanze na kazi ya uzi wenyewe. Kila ateri, ndio mshipa upelekao damu kutoka moyoni, ina ukuta wenye tabaka ya misuli iliyouzunguka. Misuli hiyo ikijikaza, njia hupungua upana, na ikilegea, njia hupanuka. Nyuzi za neva zitokazo katika uti wa mgongo, penye mwisho wa kifua na mwanzo wa kiuno, huingia katika mafundo ya mnyororo, na kutoka humo hufuata njia zao hata vidoleni, na huko mwisho wake humwaga kitu kiitwacho noradrenalini, ambacho Ulf von Euler wa Uswidi alikitambua mwaka 1946 kuwa ndicho tarishi wa neva hizo, na kwa kazi hiyo akashirikishwa katika Tuzo ya Nobel ya mwaka 1970. Noradrenalini ikimwagwa, ateri ndogo hujibana. Mkulima wa Butembo, mji ambao, ijapokuwa uko karibu mno na ikweta, umeinuliwa na milima kupita mita 1,700 juu ya bahari, atokapo alfajiri kwenda shambani katika ukungu, nyayo zake hupoa na kukwajuka, si kwa baridi ya nje peke yake, bali kwa kuwa mnyororo huu, kama bawabu mwaminifu, umeifunga milango ya ngozi ili joto la mwili lisitoke likapotea. Bawabu huyo ndiye pia anayeamrisha jasho la nyayo, na ndiye anayeibana mishipa ya miguu mtu asimamapo ghafla kutoka kitandani, ili damu isimshukie yote miguuni akaanguka kwa kizunguzungu. Ni mtumishi mwema, basi, maadamu njia za damu zenyewe ni nzima.

Taabu huanza njia hizo zinapoharibika. Aghalabu sababu ni mafuta na chokaa zinazoganda katika kuta za ateri kubwa za tumbo, paja na goti, jambo linaloharakishwa na umri, na tumbaku, na kisukari, na shinikizo kubwa la damu. Na mara nyingine, hasa kwa vijana wavutao sigara, ni uvimbe wa mishipa midogo ya mikono na miguu ambao Felix von Winiwarter aliueleza mwaka 1879, na Leo Buerger akaueleza kwa ukamilifu zaidi huko New York mwaka 1908, hata ukachukua jina lake. René Fontaine wa Strasbourg, mwaka 1954, aliipanga hali ya miguu iliyopungukiwa na damu katika daraja nne. Katika ya kwanza mgonjwa hana habari. Katika ya pili, apandapo kilima na mzigo wake, hushikwa na maumivu ya shavu la mguu, akasimama. Akiisha kupumzika dakika chache maumivu humwacha, naye huendelea, kisha umbali ule ule utimiapo hushikwa tena. Na katika mji wa vilima kama Butembo ishara hii hujidhihirisha mapema kuliko katika mji wa tambarare, ingawa si wachache wanaoidhania kuwa ni uzee au baridi yabisi. Katika daraja ya tatu maumivu humjia hata amelala, naye huuteremsha mguu kando ya kitanda, kwa kuwa mguu ulioelekea chini huvuta damu kwa uzito wake. Katika ya nne hutokea kidonda kisichopona, au kidole hugeuka kuwa cheusi, na hilo ndilo donda ndugu, ambalo tangu zamani hukumu yake imekuwa ni msumeno.

Hapo ndipo mtumishi mwema anapokuwa mzigo. Ateri kubwa ikiisha kuziba, damu hutafuta vijia vidogo vya kando, na vijia hivyo ndivyo hasa vilivyo chini ya amri ya mnyororo wa simpathetiki, ambao haujui kwamba njia kuu imekwisha fungwa, nao waendelea kubana kama ulivyozoea. Mfaransa Poiseuille, katika miaka ya 1840, alionyesha kwa mirija myembamba ya kioo kwamba kiasi cha maji yapitayo hufuata kipeo cha nne cha nusu kipenyo: mrija ukipanuliwa mara 2, na msukumo ukabaki ule ule, utapitisha mara 16. Ateri za mwanadamu hazifuati hesabu hiyo kwa ukamilifu, walakini maana yake yatosha kumfahamisha mtu kwa nini kulegea kidogo kwa vijia kwaweza kuwa ndiyo tofauti kati ya kidole kitakachoishi na kidole kitakachokufa. Basi fikira ikawajia wapasuaji: ikiwa njia kuu haizibuliki, je, si afadhali kumwondoa anayezibana zile ndogo?

Aliyeufungua mlango wa elimu hii hakuwa akitafuta dawa ya miguu. Claude Bernard, huko Paris mwaka 1851, alikata neva ya simpathetiki katika shingo ya sungura, akaona sikio la upande ule likiwa jekundu na lenye joto kuliko la pili. Mwaka uliofuata Brown-Séquard, mzaliwa wa Port Louis katika kisiwa cha Morisi, ndani ya Bahari ya Hindi, aliitia umeme ncha ya neva iliyokatwa, na sikio likapoa likawa jeupe. Ikawa dhahiri kwamba neva ndiyo inayobana. Karne ilipogeuka, Mathieu Jaboulay wa Lyon na mwanafunzi wake René Leriche, ambaye jina lake matabibu wa Kongo waliosomea Kifaransa hawakosi kulikuta vitabuni, walijaribu kuzing'oa neva palepale zinapouzunguka mshipa wa damu. Leriche, kuanzia mwaka 1913, alikuwa akiimenya ateri ganda lake la nje. Nafuu ilipatikana, lakini ilikuwa fupi.

Njia ya kuufuata mnyororo wenyewe kiunoni ilipatikana kwa kukosea shabaha. Huko Sydney, mwaka 1923 na 1924, mpasuaji Norman Royle na mjuzi wa maumbile ya mwili John Hunter walizikata nyuzi za simpathetiki za kiuno wakitumaini kuilegeza misuli ya watu waliokakamaa kwa kupooza. Tumaini hilo halikutimia, na Hunter alifariki London mwaka ule ule wa 1924, naye ana umri wa miaka 26 tu. Lakini miguu ya wagonjwa wale ilionekana kuwa na joto na ukavu usio wa kawaida, na habari hiyo ndogo ikawa na thamani kuliko shabaha yenyewe. Katika mwaka huo huo Julio Diez wa Buenos Aires aliukata mnyororo wa kiuno kwa makusudi ya kuponya miguu iliyokosa damu, na baada ya hapo upasuaji ukaenea Marekani na Ulaya, ukawa ndio tegemeo la miguu ya namna hiyo kwa muda wa kizazi kizima.

Mgonjwa aliyeutia katika magazeti ya dunia alikuwa Mfalme George wa Sita wa Uingereza, ambaye dola yake wakati huo ilifika hata Uganda, jirani wa Beni ng'ambo ya mpaka wa Kasindi. Mfalme huyo alikuwa mvutaji mkubwa wa sigara. Mwezi wa Novemba 1948 ilibainika kwamba damu haishuki vizuri miguuni mwake, na mguu wa kuume ukawa katika hatari ya kukatwa, hata safari yake ya Australia na New Zealand ikaahirishwa. Tarehe 12 Machi 1949, katika chumba cha jumba la Buckingham kilichogeuzwa kuwa chumba cha upasuaji, Profesa James Learmonth wa Edinburgh aliukata mnyororo wa simpathetiki wa kiuno upande wa kuume. Mguu ulisalimika. Lakini tumbaku haikuwa imemaliza kazi yake: mwezi wa Septemba 1951 mfalme aliondolewa pafu moja kwa sababu ya saratani, na safari ile iliyoahirishwa akapewa binti yake, ambaye aliondoka London tarehe 31 Januari 1952 kupitia Kenya. Tarehe 6 Februari mfalme alikutwa amefariki kitandani, damu imeganda katika ateri ya moyo, na binti yake Elizabeth akapewa habari hiyo huko Sagana, karibu na Mlima Kenya. Mwenye kutaka kuufahamu upasuaji huu na aizingatie habari hiyo: mguu uliokolewa, wala maradhi hayakuguswa, kwa kuwa ateri zilizoharibika zilibaki vile vile, mguuni na moyoni.

Upasuaji wenyewe si mgumu kwa mkono uliozoea. Mgonjwa hulazwa chali na ubavu umeinuliwa kidogo. Mpasuaji hupasua kati ya mbavu za mwisho na mfupa wa nyonga, hutenga tabaka tatu za misuli, kisha, bila ya kuufungua utando uliobeba matumbo, huusukuma mbele hata pingili za kiuno zifikiwe. Hapo huutafuta uzi kwa ncha ya kidole, kwa kuwa mafundo yake huhisika kabla ya kuonekana. Upande wa kuume wataka hadhari zaidi, kwani vena, yaani mshipa urudishao damu moyoni, iliyo kubwa kuliko zote mwilini huufunika uzi. Upande wa kushoto aota yenyewe, yaani ateri kuu ya mwili, i jirani. Hukatwa kipande chenye fundo la pili na la tatu, na pengine la nne. Fundo la kwanza huachwa, hasa kwa mwanamume atakayepasuliwa pande zote mbili, kwa kuwa kulipoteza kuumeni na kushotoni kwaweza kuharibu utokaji wa manii. Kipande kilichokatwa hupelekwa chini ya hadubini ili kuhakikisha kwamba ni neva kweli, kwa maana tezi ya limfu huweza kufanana nayo. Ukifaulu, mguu hupata joto baada ya saa chache na nyayo huacha kutoa jasho. Na wagonjwa wengine, baada ya siku kadha, hupatwa na maumivu ya paja yanayodumu majuma machache kisha yakapita. Pako pia njia isiyo ya kisu, nayo ni kuupiga mnyororo sindano ya fenoli, ncha ya sindano ikiongozwa kwa eksirei, na wazee wasioweza kustahimili dawa ya usingizi wameipata nafuu kwa njia hiyo.

Mbona, basi, tiba yenye asili ya elimu namna hii isiwe ndiyo dawa ya kila mguu? Kwanza, damu inayoongezeka huenda zaidi katika ngozi kuliko katika misuli, na kwa hiyo mtu wa daraja ya pili, ambaye taabu yake ni misuli kukosa damu apandapo kilima, hapati faida. Pili, mishipa ina tabia ya kurudia kujibana baada ya miezi, hata neva zikiwa zimekatwa. Tatu, mwenye kisukari cha muda mrefu aghalabu neva zake ndogo zimekwisha kufa kwa maradhi yenyewe, mguu wake ni mkavu na pengine wa moto, na kuukata mnyororo ni kumwondoa aliyekwisha ondoka. Watu wa Beni hawana haja ya kuletewa mfano wa mbali katika jambo hili: huko Oicha, kaskazini ya mji wao, Daktari Carl Becker na wenzake wa misheni waliwatunza wagonjwa wengi wa ukoma kwa miaka mingi hata miaka ya 1960, na ukoma nao huua neva za jasho na za fahamu, ngozi ya nyayo ikakauka na kupasuka, na kidonda kikaingia pasipo maumivu ya kumwonya mwenyewe. Nne, ikiwa damu iliyobaki ni kidogo mno, kulegeza vijia hakutoshi. Kwa kupima hilo hutumiwa hesabu rahisi: shinikizo la damu la kifundo cha mguu hugawanywa kwa lile la mkono, kwa mtu mzima wa afya jibu huwa kama 1 au zaidi kidogo, chini ya 0.9 ni dalili ya maradhi, na chini ya 0.3 matumaini ya upasuaji wa neva huwa madogo sana. Kipimo hicho chahitaji mkanda wa kupimia shinikizo na chombo cha dopla, kisikizacho mwendo wa damu, kinachoshikika kwa mkono mmoja, vitu visivyohitaji jumba la mitambo.

Zaidi ya hayo, elimu haikusimama. Mwezi wa Juni 1948, miezi tisa kabla ya mfalme kupasuliwa, Jean Kunlin alichukua huko Paris vena ya mgonjwa mwenyewe akaishona juu na chini ya pale palipoziba, damu ikapita kando ya kizuizi. Na tarehe 16 Januari 1964 Charles Dotter, huko Portland katika Marekani, aliipanua kwa mrija ateri ya paja ya bibi wa miaka 82 aliyekataa kukatwa mguu, na bibi huyo akaendelea kutembea kwa mguu wake hata alipofariki. Tangu hapo, palipo na wapasuaji wa mishipa ya damu, upasuaji wa neva umerudishwa nyuma, ukawekewa wale ambao njia zao hazishoniki wala hazipanuliki. Lakini kushona na kupanua kwahitaji picha za ateri, nyuzi na mirija ya thamani, na bingwa aliyefundishwa kazi hiyo, mambo ambayo katika Afrika ya kati ni adimu; na mgonjwa wa Butembo, mji wenye hospitali zake na Chuo Kikuu Katoliki cha Graben kinachofundisha utabibu, akiambiwa ayatafute mbali, akumbuke kwamba Goma ilitekwa na waasi wa M23 mwezi wa Januari 2025, na kwamba kwenda Kampala ni gharama isiyo ya kila nyumba. Upasuaji wa neva, kinyume cha hayo, wahitaji visu, taa, dawa ya usingizi, na mpasuaji wa kawaida mwenye kuijua njia. Ndiyo sababu haufai kudharauliwa katika miji ya namna hii.

Ila haufai pia kuuzwa kama muujiza. Kwa miongo mingi kila bingwa alihesabu miguu yake iliyopona na kuitangaza, bila ya kuilinganisha kwa haki na miguu ambayo ingepona kwa kupumzishwa, kusafishwa na kunyimwa tumbaku. Na majaribio machache yaliyofanywa baadaye kwa mizani iliyo sawa hayakuthibitisha kwamba kukata mnyororo huzuia kukatwa kwa mguu. Faida iliyobaki na ushahidi wa kadiri ni kupungua kwa maumivu ya usiku na kupona kwa vidonda vidogo kwa baadhi ya watu. Katika maradhi ya Buerger, hata upasuaji wote haufikii kuacha tumbaku kabisa, kwa maana wanaoiacha kabla ya donda ndugu kuingia ni wachache mno wanaokatwa mguu.

Na namna ya kupima tiba kwa mizani iliyo sawa, Beni na Butembo zaijua kuliko miji mingi. Katika maradhi ya Ebola yaliyotangazwa tarehe 1 Agosti 2018, watafiti walioongozwa na Profesa Jean-Jacques Muyembe walianza, mwezi wa Novemba mwaka huo, kuwagawia wagonjwa wa Beni, Butembo, Katwa na Mangina dawa nne kwa kura, si kwa kupendelea. Na ilipofika Agosti 2019, wagonjwa 681 wakiwa wamekwisha kuingizwa, kura hiyo ilisimamishwa, kwa kuwa dawa mbili zilikuwa zimedhihirika kuzishinda nyingine. Waliopewa ZMapp, mojawapo ya zilizoshindwa, walikufa kama nusu yao, na waliopewa mAb114, mojawapo ya zilizoshinda, dawa yenye asili katika damu ya mtu aliyenusurika Ebola ya Kikwit ya mwaka 1995, walikufa kama 35 katika kila 100. Majibu hayo yalipatikana katikati ya vita na hofu. Basi kama jambo hilo liliwezekana kwa Ebola, haliwezi kushindikana kwa miguu: kila mgonjwa aandikwe kipimo chake cha kifundo kabla ya upasuaji na baada yake, kidonda chake kipimwe, na hali yake ijulikane baada ya miezi sita na baada ya mwaka, aliyepasuliwa na asiyepasuliwa.

Hukumu yetu ni hii. Upasuaji wa neva za kiuno unamfaa mgonjwa wa daraja ya tatu, au wa nne mwenye kidonda kidogo, ambaye ateri yake haiwezekani kuzibuliwa, ambaye kipimo chake hakijashuka mno, ambaye kisukari hakijaziua neva zake, na ambaye ameiacha tumbaku. Asiye na sharti hizo asipasuliwe kwa matumaini ya maneno. Lakini mguu bora ni ule usiofika kwa mpasuaji. Mwenye kisukari na azitazame nyayo zake kila jioni, na kati ya vidole. Na yeyote anayeshikwa na maumivu ya shavu la mguu apandapo kilima, asingoje kidole kiwe cheusi, aende hospitali akapimwe shinikizo la damu la kifundo na sukari ya damu, na kama avuta sigara, aiache siku hiyo hiyo.